Unitas, Marino, Brady: utawapimaje watu ambao hawakukutana uwanjani?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Kila mapumziko ni ubishi wa makwotabeki, wale wapiga pasi wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Kuna mzee mmoja, shabiki wa Baltimore Colts ya zamani, anasema wa kumfikia Johnny Unitas bado hajazaliwa. Vijana wengi wako na Tom Brady, mimi namtetea Patrick Mahomes. Nikaamua niwanyamazishe kwa namba. Nikachukua ile alama rasmi ambayo ligi huwapa wapiga pasi, nikaiingiza kwenye Excel na kuipanga kutoka juu kwenda chini. Tony Romo akatoka na 97.1, Joe Montana 92.3, Unitas 78.2. Mzee alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nimekosea wapi? Na je, ipo njia ya kitaalamu ya kuwapanga watu wa enzi tofauti?

JIBU: Marahaba. Hesabu yako iko sawa, tatizo ni rula uliyoitumia. Na mzee alikuwa na haki ya kucheka. Romo alikuwa mzuri, tena kuliko wengi wanavyomkumbuka, ila orodha inayomweka juu ya Montana, bingwa mara nne, inabidi irudi karakana.

Tuifungue hiyo alama tuone ndani kuna nini. NFL ilianza kuitumia mwaka 1973. Ina vipande vinne, vyote kwa kila pasi iliyojaribiwa: pasi zilizofika kwa mwenzake, yadi, tachidauni (pasi zilizozaa bao) na pasi zilizoporwa na wapinzani. Chukua msimu wa Unitas wa 1959, ambao mzee wako bila shaka anaujua kama jina la mama yake. Alijaribu pasi 367, zikafika 193, yadi 2,899, tachidauni 32, zilizoporwa 14. Pasi zilizofika ni asilimia 52.6, toa 30, zidisha kwa 0.05, unapata 1.13. Yadi ni 7.90 kwa kila jaribio. Toa 3, zidisha kwa 0.25, unapata 1.22. Tachidauni ni asilimia 8.72, zidisha kwa 0.2, unapata 1.74. Zilizoporwa ni asilimia 3.81, zidisha kwa 0.25, kisha toa jibu hilo kwenye 2.375, unabaki na 1.42. Jumlisha bila kukata desimali, utapata 5.52. Gawa kwa 6, zidisha kwa 100: 92.0.

Sasa jiulize hizo 30, 3 na 2.375 zilitoka wapi. Walioitunga waliangalia takwimu za wakati wao, wakaipanga ili kwotabeki wa kawaida apate takriban 1 katika kila kipande, yaani jumla ya 66.7. Hiyo ndiyo ilikuwa "wastani". Miaka hii wastani wa ligi nzima unazunguka 90. Maana yake, kwotabeki wa leo ambaye hakuna anayenunua jezi yake anapata karibu sawa na Unitas katika msimu aliovunja rekodi ya tachidauni ya ligi. Mtoto aliyepata 60 mwaka ambao darasa zima lilipata 45 huwezi kumweka chini ya aliyepata 65 mwaka ambao kila mtu alipata 65. Wewe umefanya hivyo hivyo, ila kwa kompyuta.

Kuna kasoro nyingine ndogo ambayo mimi huipenda kwa sababu watu hawaioni. Kila kipande kina dari: hakivuki 2.375. Sid Luckman wa Chicago Bears, mwaka 1943, alipiga tachidauni 28 kwa majaribio 202, karibu asilimia 13.9. Dari ya kipande hicho inagusa asilimia 11.875. Zinazozidi hapo fomula inazitupa, kana kwamba hazikupigwa. Na mbio za kwotabeki hazimo kabisa. Mwaka 2019 Lamar Jackson alikimbia yadi 1,206, na kwenye alama hii hazipo.

Lakini kwa nini wastani umepanda hivyo? Vijana watakwambia wachezaji wa sasa ni wakali zaidi. Inawezekana, ila sheria ndiyo imefanya kazi kubwa. Zamani beki aliruhusiwa kumsukuma na kumgonga mpokeaji njia nzima mpaka mpira urushwe. Mwaka 1978 ligi ikasema mwisho wa kumgusa ni yadi tano kutoka mstari wa kuanzia. Mwaka huohuo wazuiaji wanaomlinda kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kutumia viganja vilivyo wazi. Kwa hiyo mpokeaji akapata njia na kwotabeki akapata muda. Msimu wa 1977 aliyeongoza ligi kwa yadi, Joe Ferguson wa Buffalo, alikuwa na 2,803 katika mechi 14. Mwaka 1979 Dan Fouts wa San Diego akafikisha 4,082 katika mechi 16. Hata ukigawa kwa mechi, ni yadi 200 dhidi ya 255, ndani ya miaka miwili. Binadamu hawabadiliki kwa kasi hiyo. Mwaka 2004 waamuzi waliagizwa kuisimamia sheria ya kugusana kwa ukali zaidi, na ulinzi wa mwili wa kwotabeki mwenyewe umekuwa ukiongezwa mara kwa mara.

Basi rekebisha faili lako hivi. Usipange kazi nzima ya mtu kwa namba moja. Weka mstari mmoja kwa kila msimu. Kwa kila msimu, tafuta wastani wa ligi wa mwaka huo pamoja na mtawanyiko wake, yaani kwa kawaida makwotabeki walitofautiana na wastani kwa kiasi gani. Chukua namba ya mchezaji, toa wastani, gawa kwa mtawanyiko. Jibu litakwambia alikuwa hatua ngapi juu ya wenzake waliocheza chini ya sheria zilezile, mbele ya mabeki walewale. Hapo ndipo 1959 na 2019 zinaweza kukaa meza moja. Na badala ya ile alama rasmi, ningetumia yadi halisi kwa kila jaribio: yadi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila pasi iliyoporwa, toa na yadi zilizopotea alipoangushwa akiwa na mpira mkononi. Gawa kwa majaribio pamoja na mara alizoangushwa. Kwa miaka ya zamani sana hesabu za kuangushwa kwa kila mchezaji hazikuwekwa, kwa hiyo huko tumia bila kipande hicho, kwa wote.

Kama hutaki hesabu ndefu, kuna njia ya mkato ninayoitumia kwenye meza ya chai: mlinganishe wa kwanza na wa pili wa mwaka huohuo. Peyton Manning 2013, tachidauni 55, rekodi mpaka leo; wa pili yake alikuwa na 39. Brady 2007, 50; wa pili 36. Mahomes wako 2018, 50. Wa pili 39. Sasa Dan Marino, 1984: 48, na wa pili 32. Mara moja na nusu kamili. Rekodi aliyoikuta ilikuwa 36, na alikuwa katika msimu wake wa pili tu kwenye ligi. Ukiniuliza msimu mmoja bora wa kupiga pasi ni upi, sibabaiki.

Ila njia hii ya kulinganisha na wenzao nayo ina mtego. Unitas wa 1959 alikuwa kwenye ligi ya timu 12, leo ziko 32. Ligi ndogo, mtu mmoja anaupindisha wastani. Luckman wa 1943 alicheza wakati wachezaji wengi wako vitani, kwa hiyo "wenzake" hawakuwa wenzake hasa.

Halafu kuna ambao hawakuruhusiwa hata kuwa kwenye hesabu. Tangu 1934 mpaka 1945 NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, na kwa miongo mingi baadaye kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki chuoni aliambiwa akacheze nafasi nyingine. Warren Moon hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 1978. Akaenda Kanada, Edmonton, wakachukua ubingwa mara tano mfululizo, na akaanza NFL akiwa na miaka 27. Namba zake za NFL ni yadi 49,325. Ukitaka kumpima Moon, unampima kwa miaka aliyopewa au na ile sita aliyonyimwa? Mimi humpandisha ngazi moja na siombi radhi. Excel haina kitufe cha hilo.

Najua vijana watakuja na pete, zile wanazopewa washindi wa Super Bowl, fainali ya ligi. Brady ana saba, ubishi umekwisha. Waulize basi kuhusu Terry Bradshaw wana maoni gani: pete nne, sawa na Montana, lakini tachidauni 212 na zilizoporwa 210. Marino hana hata moja. Otto Graham wa Cleveland alicheza misimu kumi na kufika fainali zote kumi, akashinda saba, kabla Super Bowl haijazaliwa. Pete ni za timu. Mimi huzitumia kutenganisha watu waliolingana tu.

Kuhusu Mahomes, angalizo la kitaalamu. Wastani wa mtu anayecheza bado haujapitia uzee. Unitas alicheza mpaka 1973, na baada ya kuumia kiwiko mwaka 1968 hakuwa tena yule wa zamani, ila miaka hiyo yote imo kwenye 78.2 yake. Ukitaka haki, linganisha misimu saba bora ya kila mmoja, kisha tengeneza safu ya pili ya urefu wa kazi. Ni maswali mawili, na watu wengi wanabishana bila kujua kila mmoja anajibu lipi. Kwenye urefu hakuna wa kumgusa Brady: yadi 89,214, tachidauni 649. Kwenye kilele, kwangu Marino, Manning na Unitas wako kundi moja, Montana na Graham mlangoni, na Mahomes ninampa muda. Kundi, sio nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hesabu zetu hazina ukali wa kutenganisha watu waliokaribiana hivyo, na anayekwambia zinao anakuuzia kitu.

Mwambie mzee alichocheka kilistahili, kisha mpe na swali la kumkalisha kimya zamu nzima. Mwaka 1943 Sammy Baugh wa Washington aliongoza ligi kwa idadi ya pasi zilizofika, akaongoza kwa kupiga mpira mrefu wa mguu, na alipogeuka kuwa beki akaongoza pia kwa kupora pasi za wenzake, 11. Safu yake kwenye faili utaipa jina gani?