Ukienda kusomewa kundali, muulize kwanza mnajimu madhehebu yake

Mtu akiniambia amesomewa nyota na wanajimu wawili wa Kihindi na kila mmoja akaja na lake, swali langu huwa moja: walikuwa wa madhehebu gani? Mara nyingi hajui, na wala hakujua kama hilo ni jambo la kuuliza. Anachodhani ni kwamba mmoja wao ni tapeli. Huenda, maana matapeli wapo tele. Lakini huenda pia wote wawili walifanya kazi yao sawasawa, ila kila mmoja alishika kipimo chake.

Nilisoma Pune, India, nikapanga kwa mama mmoja wa Kimarathi ambaye wapangaji wote tulimwita Kaku. Nyumbani kwake hakuna harusi, kiwanja wala safari iliyopangwa kabla ya kundali, yaani mchoro wa nyota na sayari za wakati wa kuzaliwa, kutolewa kabatini. Sikutoka pale muumini, ila nilitoka najua cha kuuliza.

Anza na ayanamsa. Nyota za magazeti yetu huhesabiwa kuanzia mahali Jua lilipo ile siku ya mwezi Machi ambayo usiku na mchana hulingana. Wahindi hufuata nyota zenyewe zilivyokaa angani, na kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole mno, hesabu hizo mbili zimeshaachana kwa takriban nyuzi 24. Wewe uliyezaliwa tarehe 5 Aprili, gazetini ni Punda. Kwa Mhindi, Jua lako liko Samaki. Pengo hilo ndilo ayanamsa, na hata wao kwa wao hawakubaliani ukubwa wake. Kipimo kinachotumika zaidi ni cha Lahiri, kinachofungamana na kazi ya kamati ya serikali ya India ya kurekebisha kalenda, chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, iliyotoa ripoti yake mwaka 1955. B. V. Raman wa Bangalore, aliyesomwa sana karne iliyopita, alitumia chake mwenyewe, kilicho pungufu ya Lahiri kwa karibu nyuzi moja na nusu.

Usikidharau kiasi hicho. Vipindi vya maisha, dasha, huhesabiwa kutokana na Mwezi ulivyokuwa ndani ya nakshatra yake siku uliyozaliwa. Nakshatra, yaani vipande vya njia ya Mwezi angani, ni 27, kila kimoja nyuzi 13 na theluthi moja. Mwezi ukisogezwa nyuzi moja na nusu kwa mtoto aliyezaliwa katika kipindi cha Zuhura, ambacho ni miaka 20, kalenda yake yote ya maisha inasogea kwa zaidi ya miaka miwili. Mmoja atamwambia ataolewa akiwa na 27, mwingine 29, na hakuna aliyekosea kujumlisha. Programu za simu zina mahali pa kuchagua Lahiri, Raman au KP, cha madhehebu nitakayoyafikia mbele. Hakikisha umechagua kile anachotumia mnajimu wako kabla hujaanza kumsahihisha.

Tukija kwenye madhehebu yenyewe, wengi utakaokutana nao ni wafuasi wa Parashara, mwenye hekima wa kale wa Kihindi, hata kama hawajitambulishi hivyo. Hawa huanza na lagna, yaani nyota iliyokuwa ikichomoza mashariki ulipozaliwa, wakahesabu nyumba 12 kutoka hapo. Kisha hutazama kila sayari ni mwenyeji wa nyumba gani, imekaa wapi na inatazama wapi. Sayari zote hutazama nyumba ya saba kutoka zilipo. Mirihi huongeza ya nne na ya nane, Mshtarii ya tano na ya tisa, Zohali ya tatu na ya kumi. Kwa ndoa hufungua chati ya pili, navamsa, inayogawa kila nyota mara tisa. Mizunguko ya dasha ikijumlishwa hutimia miaka 120. Ukitaka picha pana ya maisha, tabia, afya, mwelekeo wa kazi, hawa ndio wa kuanza nao.

Lakini hata ndani ya madhehebu hayo hayo mna ugomvi. Mpwa wa Kaku alikuwa anaposwa na familia ya Kitamil. Kundali yake ilionyesha Mirihi katika nyumba ya pili. Mnajimu wa Pune aliipitisha bila shaka yoyote: kwake kasoro ya Mirihi, mangal dosha, hupatikana katika nyumba za 1, 4, 7, 8 na 12. Mnajimu wa upande wa bwana harusi, kama wengi wa kusini, aliihesabu na nyumba ya 2, akasema binti ana dosha. Hata michoro yao haikufanana. Ya Pune ilikuwa ya almasi, nyumba zimesimama mahali pamoja na namba za nyota ndizo zinazohama. Ya Chennai, kwao bwana harusi, ilikuwa ya miraba, nyota ndizo zilizosimama, Samaki pembe ya juu kushoto, na lagna huwekwa alama tu. Wazee walikaa sebuleni na karatasi mbili mezani wakibishana kama wanamzungumzia mtu mmoja. Aliyewaokoa ni mjomba aliyechukua kalamu akanakili ile ya almasi ndani ya miraba, sayari moja baada ya nyingine, na kila kitu kikakaa pale pale. Kilichobaki kilikuwa swali la kanuni, nalo hutatuliwa na familia kukubaliana kanuni ya nani itafuatwa. Walifuata ya Pune, na harusi ikafanyika.

Wafuasi wa Jaimini, mwenye hekima mwingine wa kale, ni wachache zaidi. Wao huuliza kwanza ni sayari ipi imefika nyuzi nyingi kuliko zote ndani ya nyota yake, haidhuru nyota ipi. Hiyo ndiyo atmakaraka, bwana wa nafsi. Ukiwa na Zuhura kwenye nyuzi 28 na nyingine zote ziko chini ya hapo, mazungumzo yote yataanzia kwa Zuhura, hata kama mfuasi wa Parashara aliipita bila kuijali. Isitoshe, kwao nyota ndizo zinazotazamana, si sayari, na vipindi vya maisha vinaweza kuhesabiwa kwa nyota pia. Wanagombana kama wahesabu sayari saba au waongeze Rahu, ile nukta ambapo njia ya Mwezi hukata njia ya Jua, ziwe nane, kwa hiyo muulize hilo mapema. Binafsi nawapendea jambo moja: hawapapasi. Kanuni zao ni fupi na kavu, na ukimbana mtu wa Jaimini anakuonyesha hatua kwa hatua alivyofika alipofika.

Halafu kuna KP, yaani Krishnamurti Paddhati, madhehebu ya K. S. Krishnamurti wa Tamil Nadu, aliyefariki mwaka 1972. Huyu aliona nyumba 12 ni kapu kubwa mno. Alichukua kila nakshatra akaigawa vipande tisa visivyo sawa, kwa uwiano wa ile miaka ya dasha. Nakshatra 27 mara tisa ni 243. Ukiongeza vile vipande vinavyokatwa na mpaka wa nyota unapata 249. Sayari yenye kipande ambamo mwanzo wa nyumba umeangukia ndiyo inayosema ndiyo au hapana. Ukiuliza habari ya ndoa, mtu wa KP anatazama mwenye kipande cha mwanzo wa nyumba ya saba: ana uhusiano na nyumba za 2, 7 na 11? Kama hana, hakupambi. Kwa maswali ya namna hiyo, nitapata kazi hii, nitauza nyumba hii, KP ndiyo inayonyooka zaidi.

Ila inadai dakika. Kipande cha Jua ni theluthi mbili za nyuzi moja, na upeo wa macho huvuka nyuzi moja kwa takriban dakika nne. Ukikosea saa ya kuzaliwa kwa dakika tatu, huenda jibu limegeuka. Hapa sisi Waswahili tuna mtego wetu wenyewe. Binamu yangu aliandika kwenye fomu "saa 3 asubuhi", mnajimu akasoma saa tisa usiku. Ni tofauti ya saa sita, na kwa kuwa nyota inayochomoza hubadilika takriban kila baada ya saa mbili, alisomewa lagna iliyo kama nyota tatu nyuma ya yake. Na alisifia sana usomaji ule! Andika 09:00, kwa mtindo wa saa 24, utaje na mji.

Tajika utaihitaji ukiwa na swali la mwaka mmoja tu. Huchorwa chati ya wakati Jua linaporudi pale pale lilipokuwa ulipozaliwa. Elimu hii iliingia India kutoka kwa Waajemi na Waarabu, na mzee wa falaki wa Lamu au Unguja akisikia istilahi zake kama saham na ithasala hatashangaa sana.

Lal Kitab ni ya Kipunjabi na iliandikwa kwa Kiurdu kati ya 1939 na 1952. Watu huifuata kwa ajili ya tiba zake za bei nafuu, kulisha mbwa, kutupa sarafu ya shaba kwenye maji yanayotiririka. Wale wa majani ya mivumo wa Vaitheeswaran Koil, mji wa hekalu huko Tamil Nadu, wanaokutafutia jani lako kwa alama ya kidole gumba, nakushauri uende kama mtalii. Watakuuliza maswali mengi kabla "jani" halijapatikana, na majibu yako ndiyo yatakayosomwa.

Nilisema sikutoka muumini. Mwanasayansi wa anga Jayant Narlikar na wenzake, hapo hapo Pune, waliwapa wanajimu 27 kundali za watoto, 40 kwa kila mmoja, wabainishe wenye akili nyingi darasani na wenye ulemavu wa akili. Walipatia asilimia 46. Ungerusha shilingi ungefika hapo. Kwa hiyo mimi huchukulia usomaji kama mazungumzo na mtu mwenye busara, nalipa ada iliyotajwa mwanzoni, na nikisikia habari ya kununua yakuti samawi ya Zohali kwenye duka la shemeji yake, naaga.

Na kama cheti chako hakina saa, na mama anakumbuka tu kwamba ilikuwa alfajiri na mvua inanyesha, usikubali kuchorewa kundali ya kuzaliwa ya KP. Omba prashna: unauliza swali moja, unataja namba kati ya 1 na 249, na chati inachorwa kwa namba hiyo na kwa wakati uleule wa kuuliza. Andika mwenyewe swali, namba na saa kwenye simu yako kabla mnajimu hajaanza kuchora, ili jioni uweze kuingiza vitu hivyo vitatu kwenye programu na kuona kama amekuchorea ya kwako.