Kupiga ndege: makasi ije mwisho

Nyinyi mnaoanza kupiga ndege, kwa kamera si kwa manati, wacha niwaambie kitu kabla hamjaharibu picha zenu vile niliharibu zangu. Kukata picha kwa kompyuta ni kutamu sana. Unarudi nyumbani na picha 600, kandege kako mbali huko katikati, unavuta ile boksi mpaka kajae kioo kizima, unajiambia sasa ndio hii. Mwaka wangu wa kwanza nilizikata zote hivyo alafu nikasevu juu ya ile ya mwanzo, kumbe najimaliza.

Hesabu yake ni hivi. Kamera ya megapikseli 24 inakupa picha ya pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 6000 kwa 4000. Ukibakisha nusu ya upana na nusu ya urefu unadhani umepoteza nusu, la, umebaki na 3000 kwa 2000, hiyo ni megapikseli 6, robo tu. Kwa simu haina shida. Lakini kuna mtu alitaka picha yangu ya mdiria aweke kwa kalenda, na yule mdiria mdogo mwenye mdomo mwekundu ni sentimita 13 hivi, nilikuwa nimemkata mpaka upana umebaki pikseli 900, na ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni inchi 3. Stempu! Pesa ikaenda hivyo nikiiangalia. Sevu kopi, ile ya mwanzo usiiguse.

Shule yangu nyingine ni Naivasha. Mwenye boti anapiga mluzi, anarusha samaki, furukombe, yule tai mla samaki, anatoka kwa mgunga anashuka moja kwa moja. Sisi wote tulikuwa tumezumu mpaka mwisho kwa sababu akiwa amekaa mtini anaenea vizuri kabisa, sasa akifungua yale mabawa, mita 2 hivi kutoka ncha hadi ncha, pande zote mbili ziko nje ya fremu, na hakuna programu ya kukurudishia bawa ulilokata mwenyewe ukipiga (zile za kuchora bawa jipya mimi sizihesabu). Siku hizi nikijua ataruka narudisha zumu, kama lenzi ilikuwa milimita 600 nashuka 400 au hata 300, shata (kasi ya kamera kufunguka na kujifunga) sekunde 1/2000 au kasi zaidi, nabakisha maji mengi kila upande. Ya kukata nitakata jioni nikikunywa chai.

Na hiyo jioni ikifika, nyoosha kwanza mstari wa maji, maana ukizungusha picha inakula kona zake, ukikata kabla utakosa ya kuzungusha. Alafu tafuta jicho. Anaangalia wapi? Huko ndiko uache nafasi kubwa, mgongoni kidogo inatosha. Ndege ambaye mdomo wake umegusa ukingo wa picha anakaa kama amegonga dirisha, na anayeruka ndio mbaya zaidi. Heroe (flamingo) akisimama majini, kivuli chake majini ni nusu ya picha, chukua chote ama uache chote, usimkate kivuli shingoni.

Kuna vitu makasi haiponyi. Kijiti kinachomtokea kichwani kama pembe, kwa mfano, hicho unakitibu papo hapo kwa kusogea hatua moja kushoto. Picha ya kutoka juu pia haiponi, wewe umesimama kwa boti bata yuko chini, inatoka kama ya mtu anaangalia kuku wake. Inama, lenzi ishuke karibu na maji, utaona huko nyuma kunalainika kwenyewe. Na kama unaona ndege bado ni mdogo kwa fremu, usimfuate mpaka kwa kiota eti ujaze fremu. Akiacha kula akakukazia macho, ushafika karibu sana, rudi.

Ile ninayoipenda zaidi sijaikata popote. Ni mafunjo matupu juu mpaka chini, mdiria amekaa kwa kona moja, kadogo, anaangalia ndani ya picha. Niliitundika sebuleni, jirani yangu akaikodolea macho muda mrefu, alafu akaniuliza, sasa ndege mwenyewe ako wapi?