Naambiwa nikidai talaka sitanusa Pepo

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Naishi Mbagala, nina watoto wawili. Mume wangu hunipiga, na juzi amenivunja kidole. Mawifi wanasema mwanamke anayeomba talaka hanusi harufu ya Pepo. Nikiondoka, yeye anataka mahari yake. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Pole sana, binti yangu.

Mawifi zako wamekusomea hadithi nusu. Imo kwa Abu Daudi na Tirmidhi, na ndani yake mna maneno "min ghayri ba's", yaani pasipo shida. Maneno hayo ndiyo yanayobeba hukumu. Anayeyadondosha anamtisha mja wa Allah kwa jambo ambalo Mtume (s.a.w.) hakulisema. Kama kuvunjwa kidole si shida, basi shida ni ipi?

Abu Daudi huyo huyo amepokea habari ya Habiba binti Sahl. Mumewe, Thabit bin Qays, alimpiga hadi akamvunja, naye akaenda kwa Mtume baada ya sala ya alfajiri. Hakuambiwa arudi akavumilie. Thabit aliitwa, akaamriwa achukue sehemu ya mali na amwache.

Kuhusu mahari, mume anayempiga mkewe ili mke ajikomboe kwa kumrudishia mahari, mali hiyo si halali kwake. Soma Suratun Nisaa, aya ya 19. Na kutoka nyumbani kwa kuhofia kipigo si nushuzi, yaani si uasi wa mke kwa mumewe.

Sheria ya nchi nayo iko upande wako, wala isikutie wasiwasi kwamba ni ya serikali. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na ukatili unahesabiwa kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Utaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) wanalo. Wakishindwa kuwapatanisha watakupa hati, ndiyo utakayoipeleka mahakamani. Usiridhike na talaka ya karatasi peke yake, maana mgawanyo wa mali huamuliwa na mahakama. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kuwa kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa.

Ila hayo ni ya baadaye. Leo nenda polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kabla kidole hakijapona, kisha hospitali. Usiku huu usilale nyumba hiyo. Nenda na watoto kwa ndugu unayemwamini.