Magadi yanapanda ukingoni, tumbo la bakuli linabaki kavu

SWALI: Shikamoo fundi. Nafinyanga hapa Kondoa. Glezi yangu, ule mpako unaogeuka kioo motoni, naichanganya kwa magadi ya sokoni, unga wa chupa na udongo kidogo, nachoma kwa kuni. Bakuli zikitoka, kingo zinang'aa hadi zinachuruzika, lakini tumboni kunakwaruza. Ndoo ikilala wiki, chini nakuta vipande kama barafu. Tena nilipaka maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu, nje ya bakuli moja, ukijani ukatokea ndani! Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bila shaka umeona nyumba za tofali huku kwetu, ukuta unavyotoa unga mweupe chini mvua zikiisha. Ile ni chumvi iliyopanda na maji. Maji yameruka hewani, chumvi imebaki pale yalipotokea. Bakuli lako linafanya hivyohivyo. Magadi yaliyoyeyuka hayakai ulipoyapaka, yanafuata maji, na maji hukaukia haraka zaidi ukingoni, kwa sababu pale upepo unapiga ndani na nje. Mengine yananyonywa na udongo wenyewe, ndiyo maana mrututu, nao unaoyeyuka majini, ulitoboa ukuta mzima. Wamisri wa kale waliichezea tabia hii kwa makusudi: walichanganya chumvi za namna hii ndani ya shanga zao, zikapanda zenyewe juu wakati wa kukauka, motoni zikawa glezi. Sisi tunaopaka kwa nje haitusaidii.

Vile vipande vya ndoo ni magadi yaliyoganda usiku wa baridi. Hatari zaidi ni yale maji meupe yanayoelea juu. Mimi niliyamwaga miaka ile najifunza, nikidhani nafanya glezi iwe nzito. Kumbe nimemwaga kiyeyusho chenyewe, yaani kinachoifanya glezi iyeyuke motoni, na tanuru zima likatoka vumbi.

Kinachofanya kazi hiyo ndani ya magadi ni sodiamu. Dawa ni kutumia sodiamu ambayo haiyeyuki tena kwenye maji, nawe tayari unayo: chupa. Kioo cha kawaida cha chupa kina oksidi ya sodiamu kama asilimia 13, imefungwa ndani ya kioo. Acha magadi kabisa. Anza majaribio na sehemu 85 za unga wa chupa kwa 15 za udongo, usage laini, upitishe kwenye chekeche la kitambaa, uvae barakoa, maana vumbi lile si la kuvuta. Itatua chini upesi, basi koroga kila unapochovya. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui huenda zikatokea. Kwa chombo cha maua hazina neno.

Ukishikilia magadi, walau yakaange kwanza kwenye sufuria kuukuu. Gramu 100 za magadi safi hubaki karibu 70, kwani maji na gesi vinatoka. Ndiyo maana kipimo chako hakitulii. Lakini kukaanga hakuzuii kuyeyuka, kwa hiyo changanya ya siku hiyo tu. Na vaa glovu. Tunayatia kwenye mlenda, sawa, ila ni chembe. Mkono ukishinda ndani ya ndoo ngozi inababuka.

Mrututu nao una ujanja wake, na magadi yako yatapata kazi hapa. Yeyusha gramu 100 za mrututu kwenye lita moja ya maji ya moto, ndoo ya plastiki. Yeyusha magadi yaliyokaangwa pembeni, umimine kidogokidogo. Litafuka povu, tulia. Kwa magadi safi gramu 45 hivi zinatosha, ya sokoni yatazidi kidogo. Povu likikoma na maji ya juu yakipoteza ubluu, chini umepata unga wa kijani usioyeyuka. Uoshe kwa maji mara tatu au nne, ukaushe. Huo ukipaka nje utabaki nje. Maji ya kuoshea yasimwagwe mbuzi wanakokunywa, na rangi hii isikae ndani ya chombo cha chakula, hasa cha mtindi au ndimu.

Ndoo uliyo nayo sasa usiimwage. Iweke juani mchana mpaka vipande viyeyuke, ikoroge, imalize siku hiyohiyo kwenye vigae vya majaribio.