Maswali ya Wasomaji: Kisomo cha Mtu Mzima

SWALI: Mama yangu ana miaka 58, hajui kusoma. Meseji za pesa kwenye simu husomewa na vijana wa dukani, na mara mbili wamemtajia salio pungufu. Nilimnunulia kitabu cha darasa la kwanza. Siku ya tatu akakificha chini ya godoro. Nianzie wapi? (Msomaji, Kahama)

JIBU: Kitabu hicho kimeandikiwa mtoto wa miaka saba, ndiyo maana kimemchosha. Ila kabla ya herufi, angalia macho. Akiisogeza simu mbali ili aone, au akilalamika kichwa kinauma baada ya dakika chache, mpeleke akapimwe apate miwani ya kusomea. Wanafunzi wengi wa kisomo wanaoitwa wazito, tatizo lao ni macho.

Kisha anza na neno analolihitaji: pesa. Liandike kwa herufi ndogo, maana ndizo atakazokutana nazo kwenye meseji, uligawe: pe-sa. Hapo unapata pa pe pi po pu na sa se si so su. Kata boksi vipande ishirini, kila silabi iwe na vipande viwili, umwachie apange mwenyewe. Atapata pasi, pipa, supu, posa, sasa, sisi. Ameanza kusoma maneno, wala alfabeti hajaimaliza. Mstari wa tatu uwe wa m: soma, sumu, pima. Dakika 45, mara tatu kwa wiki, zinatosha.

Kinachoharibu zaidi ni kuimba. Mtu anakariri "pa pe pi po pu" kama wimbo, unadhani anasoma. Mchanganyie: pu, sa, po, se. Akisita, hajaijua bado, rudi nyuma. Kikwazo kingine ni m isiyo na irabu: neno "mtu" ataliandika "mutu", "mke" ataliandika "muke". Usimkemee, mpigie makofi silabi, m-tu, makofi mawili. Ng', ny, mw na nd ziachie mwishoni.

Hesabu ni habari nyingine. Aliyeuza nyanya gengeni anajumlisha kichwani haraka kuliko wewe, hivyo usimrudishe kwenye moja jumlisha moja. Mwonyeshe jinsi simu inavyoandika 10,000.00: mkato unatenga maelfu, na sifuri mbili baada ya nukta ni senti, zisihesabiwe. Asiyejua hilo huiona elfu kumi kama milioni. Namba ya siri aibonyeze mwenyewe tangu siku ya kwanza, hata akichelewa, na vijana wa dukani wasiijue.

SWALI: Tulifundishwa kwamba Tanzania iliwahi kukaribia kuufuta ujinga wa kutojua kusoma. Ulirudije? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni kweli ilikaribia. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa takwimu za serikali wasiojua kusoma walishuka kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi 9.6 mwaka 1986. Lakini sensa ya 2002 ilikuta zaidi ya robo ya watu wazima hawajui.

Madarasa yalitegemea walimu wa kujitolea waliopewa posho ndogo, maktaba za vijijini na gazeti la vijijini. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, posho zikakatika na karatasi ikaadimika. Aliyefikia kusoma sentensi fupi, asipokuwa na cha kusoma, baada ya miaka michache hurudi alikotoka. Hapohapo watoto walioacha shule wakaongezeka, nao wakakua.

Duniani hali haiko mbali na hiyo: UNESCO inahesabu zaidi ya watu wazima milioni 700 wasiojua kusoma, na karibu theluthi mbili ni wanawake. Kwa hiyo ukianzisha darasa kwenye kikoba chenu, bajeti ya mwaka wa pili iwe ya vitu vya kusoma: daftari la michango kila mmoja ajaze mwenyewe, bei za mbolea ukutani, gazeti kuukuu la wiki. Chaki pekee haitoshi.