Mji umevuka mpaka, mpango haujavuka

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza migebuka na dagaa njia ya Mwandiga. Sisi tuko halmashauri ya wilaya, lakini wateja wangu wengi wako Manispaa ya Kigoma Ujiji. Nyumba zinazidi kusogeleana, na nasikia kila upande una mpango wake wa maendeleo. Je, sheria inakataza kupanga pamoja? Na reli ya kisasa ikifika, nani atapanga huku kwetu?
Msomaji, Mwandiga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kukatazwa, hamkatazwi. Kinachokosekana ni ulazima.

Sheria mbili za Serikali za Mitaa, ya wilaya na ya miji, zote ni za 1982. Zilitungwa wakati kijiji ni kijiji na mji ni mji, katikati mashamba ya michikichi. Ndiyo maana kila baraza la madiwani hupitisha mpango wake na bajeti yake. Nilifanya kazi ya mipango hadi kustaafu, na ramani tulizotandaza mezani zilikuwa hivi: ndani ya mpaka kuna barabara, zahanati, visima, nje ya mpaka karatasi nyeupe. Mto ukifika kwenye mstari, unakatika. Mhandisi anayechora mtaro juu ya karatasi hiyo atajuaje maji yanakoishia?

Mkoa je? Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 iliuachia mkoa kazi ya kuzisaidia halmashauri. Kikao cha kuwakutanisha majirani kipo, Kamati ya Ushauri ya Mkoa, lakini kinashauri tu. Sitaki turudi kwenye kuamuliwa kila kitu na mkoa. Madaraka yabaki kwa madiwani. Ila pale mji mmoja unapolalia halmashauri mbili, sheria itamke wazi: barabara, maji, taka na viwanja viwe na mpango mmoja, mabaraza yote mawili yaupitishe, na bajeti isiyoufuata irudishwe. Hilo ndilo badiliko ninalolitaka kuliko yote.

Reli hiyo, kipande cha Tabora hadi Kigoma, ni kilomita 506. Itakapoanza kazi, wageni hawataulizia mpaka. Watafuata kiwanja cha bei nafuu, yaani huko kwenu. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mji unapangwa kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Hapo zinapokutana, mwenye karatasi ya mauziano tu ndiye wa kwanza kuhangaika.

Kwa hiyo msisubiri Bunge. Kama mko kijijini, mkutano mkuu unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu. Nenda na wenzako wa sokoni. Ulizeni kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, na kama ramani yake inaonyesha upande wa pili. Sheria ya 1999 tayari inaruhusu vijiji jirani kukubaliana juu ya ardhi inayotumiwa na watu wa pande zote. Semeni mnataka moyo huo huo kati yenu na manispaa. Hoja iandikwe kwenye muhtasari, mpewe nakala, diwani aibebe hoja hiyo wakati bajeti bado inaandaliwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ukimfuata diwani mwezi Juni, umechelewa.