Mzee wa Bahasha Anajibu: Miezi minane, na kadi zangu hazijarudi

Mwezi huu barua nyingi zinahusu jambo moja: kadi za wachezaji zinazotumwa kwa posta ili zirudi na saini. Asiyeijua shughuli hii aelewe hivi: unachukua kadi yenye picha ya mchezaji, tuseme wa besiboli wa Marekani, maana huko ndiko uraibu huu ulikokomaa. Unaitia kwenye bahasha pamoja na barua fupi na bahasha nyingine yenye anwani yako, unampelekea mwenye sura hiyo, kisha unakaa kungoja. Akipenda, anasaini na kurudisha. Asipopenda, basi.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimetuma kadi sita kwa wachezaji wa besiboli Marekani, zote kupitia viwanja vya timu zao. Nilizituma Oktoba, sasa ni miezi minane imepita na hakuna hata moja iliyorudi. Bahasha za kurudishia niliweka, tena nikazibandika stempu kabisa. Barua niliichapa kwenye kompyuta, ukurasa mmoja na nusu. Je, wananidharau kwa kuwa natoka mbali? – Msomaji aliyechoka kungoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huenda hata bahasha yako hawajaiona. Lakini kabla ya kumlaumu mtu, niambie: stempu ulizobandika kwenye bahasha ya kurudishia ni za nchi gani? Kama ni za kwenu, hapo ndipo kadi zilipokwama. Barua inayotoka Marekani hulipiwa kwa stempu ya Marekani. Ya kwenu, ikifika huko, ni picha nzuri tu. Wahenga walisema subira huvuta heri, ila wao hawakuwa wamekosea stempu.

Najua kwa sababu nilianza hivyo hivyo. Bahasha zangu 11 za mwanzo nilizibandika stempu za nchi yangu, nikazipanga sawasawa kwenye kona, nikajiona fundi. Kumi hazijarudi mpaka leo. Ya kumi na moja ilirudi baada ya mwaka na miezi miwili, na pembeni ya stempu zangu palikuwa na stempu ya Marekani, imebandikwa upande kama na mtu mwenye haraka. Sijui ni mchezaji mwenyewe, mkewe au karani wa klabu. Kadi nimeiweka kwenye albamu pamoja na wenzake, lakini wageni wakija ninachowaonyesha ni ile bahasha.

Dawa ipo. Tangu 2013 posta ya Marekani inauza stempu ya duara iitwayo Global Forever. Moja inatosha kupeleka barua ya wakia moja, yaani gramu 28 hivi, kutoka huko hadi nchi yoyote, na bei ikipanda baadaye ile uliyonunua zamani bado inakubalika. Kwa mchezo wa kungoja mwaka mzima, hilo ni jambo kubwa. Kama una ndugu au rafiki huko, mwombe akununulie chache akutumie. Kadi mbili na kipande cha kadibodi ndani ya bahasha ndogo havifiki uzito huo. Kadibodi yenyewe iwe nyembamba, inayopinda kidogo, kwa sababu bahasha iliyokakamaa kama ubao hukwama kwenye mashine za kuchambua barua, na hutozwa zaidi.

La pili ni majira. Oktoba msimu wa kawaida umeshakwisha, na kwa timu nyingi wachezaji wameshatawanyika makwao. Barua yako imeingia kwenye kreti, na kreti imeingia stoo. Februari na Machi timu zote huwa kambini Florida na Arizona kwa mazoezi ya kabla ya msimu. Hapo mchezaji ana nafasi, akili imetulia, hajafungwa mechi hata moja yenye maana. Wanaotuma toka mbali tunapeleka posta mapema Januari, kwa anwani ya kambi, siyo ya uwanja wa nyumbani. Wastaafu hawana majira. Hao ndio wanaojibu zaidi, na mara nyingine wanaongeza mstari wa salamu.

La tatu, hiyo barua ya ukurasa mmoja na nusu. Mwanangu, mtu ana gunia la barua miguuni! Mimi naandika kwa mkono, mistari sita. Jina langu, kitu kimoja alichofanya uwanjani ambacho kweli nilikiona au kukisoma, ombi la kusaini kadi moja, shukrani. Kiingereza changu ni cha kuombea maji na hakijawahi kunizuia. Ukituma kadi sita kwa mtu mmoja atakuona mchuuzi. Tuma moja, au mbili ukimwambia moja abaki nayo.

SWALI: Mzee, saini imerudi lakini wino umejikusanya vitone vitone kama jasho. Kalamu mbovu au mkono wake? – Fundi wa albamu

JIBU: Kalamu haina kosa, wala mkono. Kadi ndiyo inateleza.

Kadi za Topps, kampuni ya Marekani inayochapa kadi za wachezaji, za miaka ya 1980 kurudi nyuma ni kadibodi kavu, zinakunywa wino. Mwenyewe napenda sana ile ya 1987, yenye fremu iliyochorwa kama mbao: zilichapishwa nyingi mno, kwa hiyo hazina thamani ya kukunyima usingizi, na wino unakaa juu yake kama umezaliwa hapo. Kadi mpya zimepakwa gamba linalong'aa. Juu ya gamba hilo wino wa maka, ile kalamu ya ncha nene, hautambai, unarudi nyuma na kujikunja vitone.

Ninachofanya ni hiki. Naiweka kadi mezani chini ya taa na kuinamisha kichwa mpaka mng'ao unipige machoni. Nachovya kidole kwenye poda ya mtoto, kiasi cha kubaki weupe tu kwenye ngozi, nasugua taratibu kwa mduara mahali ambapo saini itakaa, kisha nafuta kwa kitambaa laini kikavu. Naangalia tena kwa pembeni: pale niliposugua mng'ao umefifia kidogo, kama kioo kilichopumuliwa. Hapo kadi iko tayari. Usiache poda juu yake. Niliwahi kuiacha kwa haraka zangu, na mpigaji mmoja akanirudishia saini iliyochimbika katikati kama barabara ya mashambani baada ya mvua.

Rangi ya maka, ukipata bahati, iwe bluu. Nyeusi hufanana na maandishi ya kiwandani. Chagua pia picha yenye anga au jezi nyeupe. Mchezaji aliyesimama mbele ya miti atakurudishia saini utakayoitafuta kwa tochi. Wengi wana kalamu zao, kwa hiyo usitume kalamu, itaitoboa bahasha.

SWALI: Nitajuaje kama alisaini mwenyewe? Rafiki yangu na mimi tumepata saini za mchezaji mmoja, na zinafanana mno. – Mwenye mashaka

JIBU: Kufanana mno ndiko kunakotia shaka. Binadamu hasaini mara mbili sawasawa. Ziwekeni kadi zenu dirishani, moja juu ya nyingine. Mistari ikilaliana bila kupishana popote, imesainiwa na mashine ya kushika kalamu. Mashine hiyo pia hukandamiza kwa nguvu ile ile tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na mara nyingi huacha nukta pale inapotua na inapoinuka. Saini ya mhuri wa mpira ni rahisi zaidi kuikamata: mistari inapokatana, wino hauzidi kuwa mzito.

Ngumu kuliko zote ni saini ya mtu wa pembeni, msaidizi au ndugu aliyejifunza kuiga. Hapo tafuta saini ambazo mchezaji alionekana akiziandika, ulinganishe namna anavyoanza herufi ya kwanza. Mimi nikibaki na shaka naandika "sina hakika" nyuma ya ukurasa wa albamu na kuendelea na maisha.

Ila uzuri wa kadi uliyoituma mwenyewe ni kwamba hakuna mchuuzi katikati. Kwenye soko la kununua hali ni nyingine. Miaka ya 1990 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilifanya upelelezi ulioitwa Operation Bullpen, ukafichua kiwanda cha saini za kughushi huko California. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Mama Teresa! Mtu alikaa chini akaona hilo litauzika.

SWALI: Mzee mwenzangu, mbona saini za vijana wa siku hizi ni mikwaruzo mitupu? – Mstaafu

JIBU: Nakuunga mkono, na tulikuwa na mtetezi mkubwa. Harmon Killebrew wa timu ya Minnesota Twins, mwenye homu rani 573 (mapigo yanayompa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote), alikuwa na saini unayoweza kuisoma bila miwani, kila herufi mahali pake. Alipoona saini ya Torii Hunter, kijana wa timu hiyo hiyo, ni mkwaruzo alimkanya: mtu aliyekuomba saini anastahili kulisoma jina lako. Hunter akabadilika. Killebrew alifariki 2011. Nikipata kadi ya Hunter yenye jina linalosomeka, huwa nahesabu kwamba mzee naye amesaini kidogo.

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi ni binti wa miaka 19. Marehemu baba aliniachia kadi moja ya zamani, ndiyo pekee aliyoitunza tangu ujana wake. Mchezaji yuko hai na nasikia anajibu barua. Nimepata anwani ya nyumbani kwake pia. Nitume? – Mtoto wa baba

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Usiitume hiyo. Posta haina ubaya nawe, lakini bahasha hulowa, huchanika, hupotea, na kuna kadi zinazorudi zimesainiwa na kukunjwa kwa pamoja. Kadi ninayoituma huwa nimeshaiaga. Ya baba yako hujaiaga.

Tafuta nakala nyingine ya kadi hiyo hiyo, hata iliyochakaa pembe. Ipeleke kupitia klabu aliyochezea, siyo nyumbani kwake. Mtu asiyekujua akikuandikia nyumbani kwako nawe ungeshtuka. Kwenye barua mweleze kuhusu baba kwa mistari miwili, usiongeze. Mwombe aandike jina la baba yako juu ya saini yake. Wauzaji watakwambia jina linashusha bei ya kadi. Waache.

Bahasha ya kurudishia iandike anwani kwa mwandiko wako, taratibu. Ikirudi utautambua mwandiko huo kutoka mlangoni kabla hujaiokota, na kwa sekunde mbili tatu utajiuliza ni lini ulijiandikia barua.